Jina la Mama Limesajiliwa Amerika

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujamaliza kulisoma, usijali, sogea nikusimulie. Mimi ni Nyaga wa Siakago, muuza asali. Mtu niliyemwita ndugu, Kirimi wa Meru mjini, aliyesimama kando yangu kanisani siku niliyomwoa Beth, amechukua jina la mama yangu mzazi akaligeuza kuwa lake.

Jina hilo ni Ciarunji. Liko kwenye kila chupa ya asali niliyouza tangu mwaka wa 1994. Na mwaka huu wa 1999, ukiwa na kompyuta na laini ya simu, ukiandika ciarunji.com, huioni sura yangu. Unamwona Kirimi ameshika sega la asali, anatabasamu kana kwamba amewahi kuumwa na nyuki hata mmoja.

Niliwaacha nikiwa nimesimama katika duka lake la kompyuta, mkononi nina chupa ya asali ambayo si yangu, imebandikwa jina la mama yangu. Niliionja mbele yake. Ilikuwa sukari ya kuchemsha iliyopakwa asali kidogo ili isione haya.

Nikamwambia atoe jina la mama kwenye huo uchafu. Akanijibu bila hata kuinua macho.

"Nyaga, hii ni biashara. Jina ni langu huko Amerika. Enda ukashtaki."

Nilienda nikashtaki.

* * *

Wakili Mukiri ana ofisi juu ya duka la mabati hapo Meru. Ni mama asiyecheka ovyo. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na alipoona nimeanza kulia akaninyooshea kikombe cha chai.

"Kunywa, Bwana Nyaga. Sasa unijibu polepole. Hilo jina la intaneti lilisajiliwa lini?"

"Februari mwaka huu, Madam."

"Na nani?"

"Kirimi. Lakini ni mimi nilimtuma. Mimi sina kompyuta."

"Kwa ile fomu, mwenyewe ameandikwa nani?"

"Kirimi."

Akavua miwani. "Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kujiona mjinga. Lakini hebu nisikilizeni, halafu mnicheke.

Kwetu Mbeere, mtu akikosa mti mzuri shambani mwake huenda kwa rafiki akaomba kutundika mzinga kwenye mti wa huyo rafiki. Mgeni akipita na kuuliza habari za mzinga ule, anayejibu ni mwenye mti. Yeye ndiye anayeufukuzia wezi. Yeye ndiye anayejulikana. Lakini mzinga umechomwa alama kwa chuma cha moto, na kila mtu anajua asali ni ya mwenye alama. Baba yangu alikuwa na mizinga kwa watu saba na hakuna aliyewahi kumwibia hata sega.

Sasa Kirimi alipokuwa akijaza ile fomu ya Amerika, aligeuka akaniuliza, "Hapa wanataka jina la mwenyewe. Niweke nani?"

Nami, kwa akili zangu timamu, nikamjibu, "Weka wewe. Mti ni wako."

Wakili Mukiri akarudisha miwani machoni.

"Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo, Madam. Mashini ni yake, simu ni yake. Nikaona yeye ni mwenye mti, na mimi niko na mzinga."

"Bwana Nyaga, Amerika hawajui mambo ya mizinga. Huko mwenye mti ndiye mwenye asali."

Nilijisikia kama niliyemwagiwa maji baridi.

"Basi nimekwisha?"

"Ngoja. Hiyo kampuni inayosajili majina haijui wewe, haijui Kirimi, na haitaki kujua nani alimsimamia nani harusi. Inauliza maneno mawili tu. Uko na cheti cha alama ya biashara? Na hicho cheti ni cha kabla ya jina kusajiliwa?"

Niliruka kwenye kiti, chai ikamwagika.

"Niko nacho! Nilipeleka maombi Nairobi Novemba ya tisini na saba. Cheti kikatoka Agosti ya tisini na nane. Kimefungwa kwa kioo, kiko ukutani kwangu!"

Ndipo nilipomwona Wakili Mukiri akitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kirimi ako na cheti?"

"Hana hata karatasi."

"Basi tunawaandikia. Kirimi atapewa siku thelathini alete cheti chake. Akikosa, jina linafungwa. Hakuna mtu atalitumia, si yeye si wewe, mpaka korti iseme ni la nani."

"Halirudi kwangu siku hiyo hiyo?"

"Bado. Lakini halitakuwa lake tena."

Ilinitosha. Kuna mnunuzi wa Uholanzi ambaye alikuwa ameona jina la mama huko kwenye intaneti na kutaka mapipa ishirini ya asali. Barua zake zote zilikuwa zikimfikia Kirimi. Jina likifungwa, Mholanzi angelazimika kuuliza asali halisi iko wapi, na Wakili alikuwa tayari amemwandikia barua ya posta kumwambia iko Siakago. Jina lisipofungwa, Kirimi angempelekea sukari ya kuchemsha, Wazungu wangeipima, na jina la mama yangu lingetupwa jalalani ng'ambo ya bahari. Hapo hata ningepewa intaneti nzima ingekuwa kazi bure.

Nilishuka zile ngazi nikiwa mtu mpya. Wiki hiyo hiyo barua ikaenda Amerika kwa faksi, na nakala akapelekewa Kirimi mkononi.

* * *

Siku zikaanza kuhesabika. Nyumbani kwangu Siakago mapipa yalikuwa yamejaa sebule nzima, wageni wakawa wanakalishwa jikoni. Ile asali haikuwa yangu peke yangu. Ilirinwa na wafugaji nyuki wa Ishiara, na mwenyekiti wao, Mzee Njuki, alikuwa akija kila Jumatatu kuyatazama mapipa kama anayekuja kuwaona wagonjwa.

"Nyaga, watu wanauliza asali itaenda lini."

"Wiki tatu, Mzee. Mwizi amebanwa."

"Na huyo mwizi anasema nini?"

"Amenyamaza."

"Kunyamaza?" Mzee Njuki akakuna ndevu. "Mimi mwizi akinyamaza huwa nahesabu mbuzi tena."

Nilimcheka. Nilikuwa na cheti ukutani, kina muhuri mwekundu. Nilifikiri hakuna kitu duniani kinachoweza kushinda muhuri mwekundu.

Siku ya ishirini na tano simu ikapigwa dukani kwa jirani. Nilikimbia nikiwa na povu la sabuni mashavuni, kwa sababu nilikuwa nanyoa.

"Bwana Nyaga," sauti ya Wakili Mukiri ilikuwa kavu. "Kirimi amejibu. Kuja Meru kesho."

"Ameleta cheti?"

"Hapana."

"Basi tumeshinda!"

"Kuja kesho," akarudia. "Na ukuje peke yako."

* * *

Nilipoingia ofisini mwake hakuninyooshea chai.

"Keti. Barua ya Kirimi iko hapa. Hajaomba msamaha. Hajasema ati jina ni lake. Ameuliza swali moja tu." Akaisukuma karatasi mezani. "Anauliza, Ciarunji yuko wapi?"

Niliisoma mara mbili.

"Ciarunji ni nani kwako, Bwana Nyaga?"

"Ni mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Karibu na Ishiara."

"Ako hai?"

Sikujibu.

"Nimekuuliza, mama yako ako hai?"

"Yuko hai, Madam. Jumapili alikuwa kanisani."

Akaweka mbele yangu karatasi nyingine. Niliitambua kabla haijatulia mezani. Ilikuwa nakala ya tamko nililoambatanisha na maombi yangu Nairobi, limepigwa chapa safi, na chini yake kuna sahihi yangu yenye mkia mrefu.

"Nisomee mstari wa nne."

"Madam, tafadhali."

"Soma."

Nikasoma. "Kwamba Ciarunji, ambaye jina lake ndilo alama ya biashara hii, ni marehemu, na mimi mwanawe wa pekee..."

Sikuweza kumaliza.

Wasomaji wangu, kwa wiki nyingi mmenihurumia. Kina mama wa Runyenjes wameniandikia barua za kunifariji. Kuna mmoja amesema ananiombea kila Jumatano. Asante, Mungu awabariki. Lakini leo mtajua mlikuwa mkimwombea nani, na anayetaka kuniacha hapa aniache.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa 1997, ile mvua ya El Nino. Sheria ilisema ukitaka kutumia jina la mtu aliye hai, yeye mwenyewe atoe kibali kwa maandishi. Kama amekufa, waliobaki ndio wanaosema. Nilikuwa Meru, katika duka la Kirimi, na mtu wa kupeleka karatasi zangu Nairobi alikuwa anaondoka alasiri ile. Mto ulikuwa umebeba daraja. Kumfikia mama kungenichukua siku nyingi, na nilikuwa nimesikia kuna mfanyabiashara mwingine anayetaka kusajili jina linalofanana.

Ningependa sana kuwaambia kwamba Kirimi ndiye aliyenipa lile wazo. Ingekuwa hadithi tamu, na mngenihurumia zaidi. Lakini Kirimi alikuwa anapiga chapa tu. Mimi ndiye niliyesema, "Andika marehemu."

Aliinua mikono kutoka kwenye mashini. "Nyaga. Huyo ni mama yako. Hayo si maneno ya kuchezea."

"Ni karatasi tu. Huko Nairobi nani anamjua?"

"Kwetu mtu hasemi hivyo. Hata kwenu hamsemi hivyo."

Na ni kweli hatusemi. Kwetu mtoto akitaja kifo cha mtu aliye hai, hata kwa mzaha, huchapwa na kuambiwa ateme mate chini aombe msamaha. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne.

"Kirimi, gari linaondoka. Piga."

Akapiga. Akauliza tarehe ya kifo, nikataja tarehe yoyote iliyonijia kichwani. Nikatia sahihi, na jioni ile nikala nyama choma vizuri kabisa.

Yeye alibaki na nakala moja yenye sahihi yangu. Miaka miwili aliiweka kwenye droo na hakusema neno, akaja kwangu Krismasi, akanywa uji kwa mama yangu, akacheka nasi. Alikuwa ananiweka kiporo.

"Aliiweka!" nilipayuka mbele ya Wakili. "Madam, umeona huyu mtu? Alikuwa ananichimbia shimo siku zote hizo!"

"Shimo ulichimba mwenyewe," akasema Wakili Mukiri. "Yeye ameliondolea matawi yaliyolifunika tu."

Nikaisukuma ile karatasi mbali nami.

"Sikiliza. Cheti chako kimesimama juu ya uongo. Kirimi akipeleka hii karatasi Nairobi, kitafutwa. Kikifutwa, Amerika hawana sababu ya kufunga jina. Halafu ataenda kwa mama yako, amwombe kibali, asajili Ciarunji kwa haki kabisa. Umeelewa?"

"Mama hawezi kumpa."

"Una uhakika?"

Siku hiyo kabla ya chakula cha mchana ningeapa kwa Biblia.

"Njia imebaki moja," akaendelea. "Mimi siwezi kuficha hiki kitu, na sitakificha. Lakini mama yako akisema mwenyewe, kwa maandishi, kwamba ako hai na amekubali mwanawe atumie jina lake, nitawaandikia Nairobi tukiri kosa na tuombe turekebishe. Pengine watakubali. Hilo tamko la uongo utalijibu wewe, hiyo siwezi kukuondolea. Lakini jina linaweza kupona."

"Mpaka lini?"

"Zile siku thelathini za Amerika zinaisha Jumanne. Leo ni Ijumaa. Nitakuandikia hiyo karatasi sasa hivi. Nenda umwambie mama yako ukweli, wote, halafu aweke kidole kama anataka. Usimdanganye hata nusu neno, Bwana Nyaga. Nikijua umemdanganya, natoka kwa kesi."

* * *

Nilimwambia Beth kwanza. Nilidhani mke wangu angenisindikiza, anishike mkono, aseme yale maneno laini ambayo mimi siyawezi. Alikuwa anachambua ndengu. Niliposema "marehemu" ungo ukamponyoka.

"Baba Njeru. Sema tena."

"Niliandika amekufa. Kwa ajili ya jina."

"Miaka miwili?"

"Beth, ilikuwa karatasi tu."

"Miaka miwili nampelekea mama uji akiugua, nalala huko kwake, namkanda miguu, na wewe umeshamwua kwa ofisi ya serikali? Na hukuniambia?"

"Nilijua utakasirika."

"Sijakasirika." Alikuwa akiokota ndengu mojamoja chini, machozi yanamdondoka. "Mimi naogopa. Kama umeandika mama yako, mimi umeniandika nini?"

"Twende tukamwambie pamoja. Wewe anakupenda."

"Hapana. Hilo ulifanya bila mimi. Enda useme bila mimi."

Hapo nikajiona nimesalitiwa na kila mtu. Kirimi amenizunguka, Wakili ananikaripia, mke ananiacha njiani. Ndivyo nilivyojisemea, na nawaambia bila aibu kwamba nilijihurumia kweli kweli. Sikuwa bado nimejiuliza mama yangu angejihurumia vipi.

* * *

Jumamosi saa tano asubuhi nilifika nyumbani kwa mama. Nilikuwa nimebeba sukari, majani ya chai, leso mpya, na ile karatasi ya Wakili pamoja na kibweta cha wino. Njiani nilikuwa nimejifunza maneno ya kuanza nayo. Mama, kuna kosa dogo lilitokea. Nikaona "dogo" ni uongo, nikaliondoa. Mama, kuna kosa lilitokea. Nikaona halikutokea lenyewe. Mama, nilikosa. Hayo nikayashika.

Lakini uani kulikuwa na pikapu nyeupe.

Kirimi alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, kile ninachokalia tangu nikiwa mdogo, ana kikombe cha uji mkononi. Mama alikuwa ameketi mbele yake, miguu ameinyoosha juani. Kwenye meza kati yao kulikuwa na karatasi, na kibweta cha wino kilichofunguliwa.

"Karibu, Nyaga," akasema Kirimi. "Tulikuwa tunakungoja."

"Toka kwa mama yangu!"

"Nyaga," mama akasema, bila kupaza sauti. "Huyu ni mgeni wangu. Keti."

Hakukuwa na kiti kingine. Niliketi chini.

"Mama, usiweke kidole hapo! Huyu mtu ni mwizi. Alichukua jina lako, analibandika kwenye sukari ya kuchemsha!"

"Ni kweli," akasema Kirimi.

Sikutarajia hilo. Aliweka kikombe chini.

"Nimeshamwambia. Asali ile ya kwanza ilikuwa mbaya, nilinunua kwa mtu akanidanganya. Na jina nilikuchukulia, hiyo pia nimemwambia. Lakini niulize kwa nini, Nyaga. Mwenye mti hupewa nini wakati wa kurina?"

Kila Mmbeere anajua. Mwenye mti hupelekewa asali ya kwanza, kabla hata mwenye mzinga hajalamba kidole.

"Niliweka jina lako Amerika," akasema Kirimi. "Nikajibu barua za Mholanzi miezi mitano. Nikamtafsiria, nikamshawishi. Uliuza asali ya Machi, ukauza ya Julai. Uliniletea hata kijiko? Ulisema mti ni wangu. Halafu ulisahau kwamba mti una mwenyewe."

"Ungeniambia!"

"Nilingoja ukumbuke. Ulipokosa kukumbuka, nikafanya mabaya. Sijifichi. Hata nilipokuambia ukashtaki nilijua nimekosa, lakini nilikuwa na hasira." Akatazama chini. "Ila mimi sikuandika mtu amekufa."

Niliinuka nimfuate. Nawaambia ukweli, nilitaka kumpasua kichwa kwa kile kigoda changu. Mama akainua mkono wake mmoja, na mwili wangu ukakumbuka kutii.

"Kirimi alikuja hapa wiki mbili zilizopita," mama akasema. Alisema kwa Kimbeere, nami nawaandikia kwa Kiswahili, lakini jueni kwamba kwa lugha yetu yalikuwa mazito zaidi. "Akanisomea karatasi. Nikamwambia arudi na nyingine, ile anayotaka niweke kidole, lakini asirudi kabla ya leo. Nikasema, mwanangu lazima atakuja aniambie mwenyewe. Nikangoja Jumapili ile, tukaonana kanisani, ukanisalimia, ukasema mvua imechelewa. Nikangoja Jumapili iliyofuata. Ukaniuliza kama mbuzi amezaa."

"Mama, nilikosa."

Ndiyo yale maneno niliyoyabeba njia nzima. Yalitoka madogo sana.

"Umekuja leo kwa sababu umekosa, au kwa sababu ya karatasi?"

Karatasi ya Wakili ilikuwa imechomoza mfukoni mwangu. Hakukuwa na haja ya kumjibu. Alinyoosha mkono, nikampa. Akailaza mezani kando ya ile ya Kirimi. Mama hajui kusoma, lakini alizitazama zote mbili kwa makini, moja kisha nyingine, kama anayechagua mbegu.

"Hii inasema jina langu ni la Kirimi. Na hii inasema ni la Nyaga."

"Ndiyo, Mama," tukajibu wote wawili.

"Na zote zinasema niko hai?"

"Zote zinasema uko hai."

Akachovya kidole gumba kwenye wino. Alikibonyeza vizuri, bila haraka, akakigeuza huku na huku mpaka kikawa cheusi chote. Mimi na Kirimi tuliinama wote wawili tuone kitatua wapi.

Kidole kikasimama juu ya zile karatasi, katikati kabisa.

"Kirimi alinisomea tarehe," mama akasema. "Nilikufa tarehe kumi na tatu, mwezi wa kumi na moja. Hiyo siku naikumbuka. Nyumba ilikuwa inavuja, nikapanga sufuria zote chini, hata bakuli. Majirani wakaniambia nihamie kwao. Nikawaambia hapana, daraja likirudi Nyaga atakuja, asije akakuta nyumba tupu akashtuka."

Nilianza kulia, mtu mzima, mbele ya mtu ninayemchukia kuliko wote.

"Usilie. Sijamaliza kukuuliza." Kidole chake chenye wino hakikuteremka wala hakikuondoka. Aliinua uso, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa wa kimo cha mzinga na nimevunja chungu. "Mtu akifa huzikwa, na wewe ndiye mwanangu wa pekee, hakuna mwingine wa kunizika. Sitaweka kidole popote mpaka uniambie. Ulinizika wapi, Nyaga?"